Mtani wa Mzee Douglas

Mara ya kwanza nilipomwona Diane Ntakirutimana akiwa kazini, nilidhani anamtesa mzee. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu sikulifikiri kwa pupa. Nililifikia kwa utaratibu, nikiwa na shahada yangu na uzoefu wangu, na kila nilichokiona kwa macho yangu kilinithibitishia.

Kazi yangu hapa Sydney ni kuwapangia shifti wahudumu wanaokwenda majumbani kuwatunza wazee. Ofisi yetu iko Parramatta, na wahudumu wengi ni watu wetu: Warundi waliokulia katika makambi ya Tanzania, Wakongo wa Kivu, Wakenya wachache. Wananiita Mwalimu, kwa kuwa zamani nilifundisha sekondari Kasulu, na jina hilo limenifuata mpaka huku, ingawa siku hizi sifundishi kitu. Asubuhi moja ya Jumamosi, katika majira ya baridi, alinipigia simu mtu asiyetaja jina. Alisema kuna mhudumu wetu katika ukumbi wa barafu, mwanamke Mwafrika mwenye sauti kubwa, amemsimamia mzee aliye katika kiti cha magurudumu, anampungia skafu ya njano usoni na kumcheka, na mzee wa watu anatetemeka.

Nilichukua gari nikaenda. Nikakuta hali ni kama nilivyoelezwa. Ukumbi ulikuwa baridi kama ndani ya friji ya bucha. Kwenye majukwaa ya upande mmoja walijaa vijana waliovaa bluu, na katikati yao, njano tupu kama ndizi mbivu kwenye kapu la bilinganya, alisimama Diane: mfupi, mpana wa mabega, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa amemwinamia mzee aliyevaa bluu.

"Mzee Douglas, fumba macho," alikuwa akimwambia. "Kipa wenu ameshafumba ya kwake."

Mzee alitetemeka mikono, mabega, hata kidevu. Mikono ilikuwa ugonjwa, nami niliujua kutokana na faili lake. Hayo mengine sikuyatambua. Niliuona mtetemeko, sikukiona kicheko kilichokuwa ndani yake.

Nilimvuta Diane kando, karibu na mashine ya kuuza chokoleti.

"Dada Diane, yule ni mteja."

"Yule ni mtani wangu, Mwalimu."

"Ni mteja. Kampuni ina kanuni zake."

"Kanuni inakataza kumtania mtani?"

"Inakataza kumdhihaki mteja."

"Basi waandike na ya mteja anayemdhihaki mhudumu. Wiki iliyopita huyu ameniambia timu yangu inacheza kama mabibi wanaotafuta miwani iliyoanguka."

Kabla sijajibu, mzee mwenyewe aliniita kwa kidole.

"Wewe mwenye koti. Wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ndiyo, bwana."

"Mpeleke akapimwe macho kwa gharama ya kampuni. Amechagua kati ya timu zote za Australia, akaipata mbovu."

Ningepaswa kuelewa palepale. Mimi kwa baba ni Mnyamwezi. Nimekulia Tabora, ambako fundi cherehani Mzaramo aliingia kwetu bila hodi, akachukua kuku uani mchana kweupe huku akitangaza kwamba anawaokoa kuku hao na wapishi wasiojua chumvi. Na baba yangu, mtu asiyecheka ovyo, alicheka hadi akashika ukuta. Utani niliunyonya. Lakini niliamini kwamba niliuacha kule pamoja na kuku na ukuta. Sikutarajia kuukuta umevaa skafu ya njano, katikati ya mwanamke wa Kirundi na mhandisi mstaafu wa Kizungu, mbele ya barafu.

Hoki ya barafu, kwa msomaji ambaye hajaiona, ni mchezo wa watu waliovaa vyuma vya kutelezea miguuni, wanaokifukuza kwa magongo kisahani cheusi cha mpira kiitwacho paki, kwa kasi ambayo jicho huchelewa kuifikia. Katika jiji hili la jua na fukwe, wanaoujali ni wachache, na kwa hiyo wanapendana na kuchukiana kama ndugu waliorithi nyumba moja. Kuna timu mbili za vyuo vikuu ambazo majina yake halisi nayaacha. Moja nitaiita Bandarini, nayo huvaa bluu. Nyingine, ya huku magharibi, nitaiita Mtoni, nayo huvaa njano. Zimekuwa zikikutana mara kadhaa kila mwaka tangu Mzee Douglas alipokuwa mwanafunzi wa Bandarini na mlinzi wa timu, enzi ambazo, kwa maneno yake, barafu ilikuwa nyembamba kiasi cha kumwona aliyeanguka mwaka uliotangulia.

Historia ya uhasama huo aliijua kwa mpangilio. Wa Mtoni waliwahi kuiba bendera ya Bandarini, wakairudisha imeshonwa kuwa suruali. Wa Bandarini wakajibu kwa kumwachilia bata uwanjani katikati ya mechi, na bata yule, ambaye hakuna aliyemfundisha kuteleza, alikaa kwenye lango la Mtoni hadi refa alipombeba kwapani. Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Baadaye ulikuja wakati wa matusi hasa, ya mama na ya rangi, na mwaka mmoja ngumi zilirushwa kwenye majukwaa, kijana akavunjwa taya. Tangu hapo mashabiki walitenganishwa kwa kamba nene: bluu huku, njano kule, na askari wa kukodiwa katikati. Hivyo ndivyo Diane alivyoukuta ukumbi.

Diane alibebwa mgongoni kutoka Burundi kabla hajajua kutembea, akakulia katika kambi karibu na Kasulu. Kule kambini, siku ambayo Simba na Yanga zilikutana, wanaume walikaa kuizunguka redio moja kama watu wanaoota moto, na baba yake, aliyeshabikia Yanga bila ya kuwahi kuiona Dar es Salaam, alihakikisha kwamba jirani wa Simba anakaa ubavuni pake. Jirani akiugua, mechi haikusikilizwa hadi abebwe na kitanda chake. "Utashangilia mbele ya nani?" baba yake alikuwa akiuliza. Wauza vitambaa wa Kitanzania walioingia kambini waliwafundisha Warundi yaliyobaki: nani ana haki ya kumtukana nani, wapi, na nani atakayeshika sururu siku ya msiba. Diane aliyashika hayo kama wengine walivyoshika katekisimu. Sasa anaishi Quakers Hill na mumewe Vénérand, anayefanya kazi ghalani Ingleburn na kusafiri na treni kutwa nzima kwenda na kurudi. Na wanakwaya wa kanisa lao watakwambia kwamba hakuna aliyesalimika na ulimi wake, padri akiwemo.

Nilipompanga kwa Mzee Douglas, alimkuta ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Mzee hakuwa mgumu. Alikuwa tu ameacha kushiriki. Alikula alichopewa, akashukuru kwa kila kitu, na jambo hilo la kushukuru kwa kila kitu ndilo lililomtia Diane wasiwasi. Baada ya siku kadhaa alimuuliza alipenda nini maishani. Mzee akataja hoki, na Bandarini.

"Watani wenu ni akina nani?"

Mzee hakuelewa. Diane akamfafanulia: wale ambao mkiwashinda, chakula kinanoga.

"Mtoni," mzee akasema.

"Sawa. Mimi ni wa Mtoni."

Alikuwa hajawahi kuona mechi hata moja, wala hakujua kama Mtoni ni timu ya wanaume, wanawake au samaki. Jumamosi iliyofuata alimpeleka.

Hayo yote aliniambia baadaye. Siku ile ya kwanza sikumpa nafasi. Nilirudi ofisini, nikatafakari sana, kama ilivyo desturi yangu, na baada ya kutafakari nikafanya kosa. Nilimwondoa Diane kwa mzee, nikamweka Mirindi, kijana wa Bukavu mwenye adabu iliyopigwa pasi. Mirindi alivaa skafu ya bluu ili kumfurahisha mteja. Bandarini ikifunga, alipiga makofi. Ikifungwa, alisema pole sana, Papa. Baada ya Jumamosi mbili mzee akakataa kutoka nyumbani, akanipigia simu.

"Umeniletea kioo," alisema. "Nikisema bluu, anasema bluu. Kijana mzuri, mpe mtu mwenye shida ya kukubaliwa. Mimi nirudishie yule mpumbavu wa njano."

Nilimrudisha. Nilimwambia Diane kwamba namrudisha kwa majaribio. Akaniuliza ni nani kati yetu anayejaribiwa.

Tangu siku hiyo nilianza kwenda ukumbini mwenyewe, kwanza kwa kisingizio cha ukaguzi, kisha bila kisingizio. Kulikuwa na tatizo moja ambalo Diane alilitatua kwa kutolitambua. Kiti cha magurudumu kiliwekwa upande wa bluu, na mhudumu haruhusiwi kumwacha mzee. Kwa hiyo mtu wa njano alikaa katikati ya bluu, ng'ambo ya kamba, jambo ambalo halijatokea tangu taya lile livunjike. Kijana mmoja mwenye uso uliopakwa rangi alimwelekeza aende upande wake.

"Upande wangu ni hapa," Diane alimwambia. "Nikikaa na wa njano nitamtania nani? Tutakaa tunakubaliana kama mkutano wa bima?"

"Lakini wewe ni adui."

"Adui ni yule aliyemvunja mwenzenu taya. Mimi ni mtani. Mtani anakutukana mchana, jioni anakuletea uji. Sogea, unamzibia mzee asione mnavyofungwa."

Sidai kwamba mwanamke mmoja aliugeuza uwanja. Nimesoma vya kutosha kuziogopa hadithi za namna hiyo, na hata baada ya hapo nimesikia upande wa pili wakiropoka mambo yasiyoandikika. Lakini niliyoyaona nimeyaona. Mwaka uliofuata, wa Bandarini nao walimtuma mtu wao mmoja akakae kwenye njano, mvulana mnene mwenye tarumbeta, ili Diane asijione pekee mwenye ujasiri. Vijana hao wa Kiaustralia wakaanza kulitumia neno lenyewe, mtani, wakilitamka kama jina la dawa. Kukawa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mtani haguswi, hatukaniwi mama, na timu yake ikishindwa analisha walioshinda.

Na Mtoni ilishindwa. Diane akakaanga maandazi ndoo nzima, akayatia rangi ya bluu, kwa kuwa aliyeshindwa hachagui rangi. Yalikuwa na sura ya kutisha. Mzee Douglas alitamka kwamba hayaliki, kisha akala mpaka Diane akamwekea mkono juu ya ndoo.

"Umesema hayaliki."

"Nayamaliza ili yasimdhuru mtu mwingine."

Maradhi yalipolifunga jiji zima na ukumbi ukawa giza, walibishania mechi ambazo hazikuchezwa. Nilikuwa nikimpigia mzee kumjulia hali, nikaambiwa nikate, kwani anamsubiri mtu amtukane.

Mwaka huu, katikati ya majira ya baridi, Mzee Douglas alifariki. Alifariki usingizini siku ya Jumapili, na mechi ya kombe kati ya Bandarini na Mtoni ilikuwa Jumamosi ya mbele yake. Mwanawe wa pekee, Rufus, alikuja kutoka Perth. Ni mhandisi kama babake, mtu mrefu, mpole, anayesema samahani hata akiwa yeye ndiye aliyekanyagwa. Diane alimfahamu kwa simu tu. Maziko yalipangwa Ijumaa.

Jumatano Diane alikuja ofisini, jambo ambalo huwa halifanyi. Alikaa bila kuvua koti.

"Mwalimu, naenda kumzika mzee."

"Bila shaka. Utapewa ruhusa."

"Hukunielewa. Naenda kumzika kama mtani."

Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu mtani msibani si mgeni. Wakati wafiwa wanalia, yeye ndiye anayeiga mwendo wa marehemu, anayelala penye mkeka wa marehemu akidai apewe chai, anayezuia jeneza lisishuke hadi apewe chochote, kuku au shati. Na ni yeye anayefanya kazi ambayo wafiwa hawana nguvu nayo. Alipokufa baba yangu, yule fundi cherehani alivaa kofia ya baba na kukagua kaburi, akilalamika kwamba ni fupi na Wanyamwezi wana miguu mirefu ya kukimbilia madeni. Mama yangu alicheka. Ndicho kitu pekee ninachokikumbuka vizuri katika siku ile.

Lakini ile ilikuwa Tabora. Hapa ni watu wanaovaa nyeusi na kunong'ona.

"Dada Diane, hawajui. Rufus hajui. Ataona mfanyakazi amekuja kumcheka babake ndani ya jeneza. Akilalamika, siwezi kukutetea. Utapoteza kazi."

"Najua."

"Basi nenda, kaa nyuma, vaa nyeusi. Mtanie moyoni."

"Miaka yote hii nimemwambia mzee yule, na akanikubalia, kwamba yeye ni mtani wangu. Leo amekufa nikae nyuma kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme? Ukimzika mtani kimya, umemkana. Atafika huko aulizwe, ulikuwa na mtani? Ajibu nini?"

"Na kazi?"

"Kazi za kuogesha wazee hazijaisha Sydney."

Hakuwa akijigamba. Alikuwa amepima, na alichopima hakikuwa na uzito wa kumrudisha nyuma. Ijumaa nilikwenda makaburini nikiwa na tai nyeusi na tumaini dogo kwamba atakuwa amebadili nia.

Alikuja wa njano. Kofia njano, skafu njano, jezi ya Mtoni juu ya sweta, na juu ya yote hayo mkoba wa njano ambao sikuwahi kuuona. Vénérand alimfuata nyuma akiwa na suti nyeusi na uso wa mtu aliyeoa akijua anachokioa. Jeneza lilikuwa juu ya kaburi, juu ya mikanda ya kulishushia, limefunikwa bendera ya bluu. Wazee wa Bandarini, wachezaji wenzake waliobaki, walikuwa mstari wa mbele. Nilisikia minong'ono ikipita kama upepo kwenye majani makavu. Mchungaji alimaliza kusoma, akauliza kama kuna mwenye neno.

Diane alipita katikati ya watu, akasimama kichwani pa jeneza, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi.

"Mzee Douglas," alisema, "umekimbia. Mechi ni kesho, wewe umeondoka mapema ukwepe foleni ya aibu."

Akalisogezea jeneza sikio.

"Kila Jumamosi ulikuwa ukiniambia Mtoni hatuna pumzi. Haya. Leo nani hana pumzi?"

Mwanamke mmoja aliziba mdomo. Mzee wa mstari wa mbele, mwenye beji ya klabu, alipiga hatua mbili na kumshika Diane kiwiko. Rufus alikuwa mweupe kama karatasi. Nami, ambaye sijawahi kuzungumza mbele ya watu bila kujiandaa, nilijikuta nimejitokeza.

"Tafadhali," nilisema. "Ni desturi. Katika jamii nyingi za Tanzania kuna uhusiano uitwao utani, ambao kihistoria ulitokana na—"

"Mwalimu," Diane alinikatiza, "usiwaeleze. Utani ukielezwa unakufa, na leo tayari tuna maiti mmoja."

Kutoka nyuma kabisa mtu alicheka. Alikuwa yule mvulana mnene wa tarumbeta, ambaye sasa ni mwanamume mnene mwenye mtoto begani, na alicheka huku machozi yakimtiririka. Mzee wa beji aliduwaa, mkono wake ukalegea. Diane akautumia mwanya huo kukaa chini, kwenye ubao uliopakana na kaburi, skafu ikining'inia shimoni.

"Simtoi mtu wangu bure," alisema, na sasa alikuwa akimwambia Rufus peke yake, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwambia mtu chai iko mezani. "Babako alikuwa mtani wangu. Mniachie pengo niende nalo nyumbani? Kesho nitakaa pale na nani? Nipeni mtu wa bluu wa kugombana naye, ndipo ashuke. La sivyo nitakaa hapa, nimekula vizuri, sina haraka."

Nimewaona watani wakidai kuku, shati, pombe, hata baiskeli. Sijawahi kumwona anayedai mtu. Nadhani alilibuni palepale, au alikuja nalo kutoka Quakers Hill, sijamuuliza.

Rufus alilitazama jeneza, akamtazama Diane. Nilianza kutunga kichwani barua ya kumwachisha kazi, sentensi ya kwanza nikaipata. Kisha Rufus akafungua mdomo.

"Kipa wenu," alisema, akakohoa. "Kipa wenu hangeweza kulizuia hata jeneza hili."

Ilikuwa kama barafu iliyopasuka. Wazee wa mstari wa mbele waliinama wakishikana mabega, na sikuweza kujua yupi anacheka na yupi analia, na nadhani hata wao wenyewe hawakujua. Rufus alilia kwa mara ya kwanza tangu atoke Perth, kama alivyoniambia baadaye, na alilia kwa kelele, mtu mzima yule. Diane aliinuka, akajikung'uta sketi, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu anafaa," aliwaambia wenye mikanda. "Mshusheni."

Jeneza likashuka. Diane ndiye aliyeshika sepetu ya kwanza, hakuiachia hadi udongo ukafika nusu, na Vénérand akaishika sepetu ya pili bila ya kuambiwa. Wafiwa walisimama wakitazama mfanyakazi wa njano akimfukia mtu wao wa bluu, jasho likimtoka, akimkumbusha marehemu kila baada ya udongo kidogo kwamba hata kazi hii Mtoni wanaifanya vizuri zaidi. Hakuna malalamiko yaliyofika ofisini kwangu. Barua niliyoianza kichwani sikuimalizia.

Rufus aliahirisha safari yake. Jumamosi alikaa upande wa bluu, kwenye kiti cha plastiki pembeni ya pale ambapo magurudumu ya babake yalikuwa yakikaa, na Diane akakaa kushoto kwake. Nilikaa nyuma yao. Rufus alikuwa mtani mbaya sana. Alitania kwa sauti ndogo, akimaliza anaomba radhi.

"Usiseme samahani," Diane alimfundisha. "Ukishanitukana, tulia, uone inavyoingia."

"Samahani."

"Mungu wangu. Babako alikuzaa na nani, mkalimani wa serikali?"

Rufus akacheka, kisha akaikazia macho skafu ya njano ya Diane. Bandarini ikafunga, watu wa bluu wakasimama, naye akachelewa kusimama. Mapumziko yalipofika Diane akaenda kununua chai, akiwasukuma njiani vijana wenye nyuso za rangi. Rufus akanigeukia. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyemwambia Diane kuhusu mama yake. Nikamwambia hakuna, na kwamba hata faili letu linasema tu mgane, mke alifariki kitambo.

Ndipo nilipojua kwamba mkewe Mzee Douglas alikuwa amesoma Mtoni. Kwa miaka yao yote ya ndoa walikuja katika ukumbi huu kwa gari moja, wakaachana mlangoni, yeye bluu na mkewe njano, wakarudi nyumbani wakibishana njia nzima. Na tangu mkewe alipokufa, mzee hakuwahi kukanyaga hapa tena, hadi Jumamosi ile Diane alipomsukuma akapita naye mlangoni.